Mrejesho: Protini inayoganda kwenye ubongo wa baba

Wakuu, ahsanteni sana mlionijibu. Kwa ambaye hakuona, niliuliza kama protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Parkinson inatokana na chakula, maana nilishaanza kumnyima baba vyakula vya protini.

Nimekaa na daktari wa mishipa ya fahamu, na kumbe nilikosea. Protini hiyo, alfa-sinukleini, inatengenezwa na seli za neva zenyewe, na kila mmoja wetu anayo. Shida huanza inapojikunja vibaya. Moja inanasa nyingine, zinagandamana, mpaka seli inashindwa kuzisafisha. Ndani yake huonekana madonge yanayoitwa miili ya Lewy, ambayo daktari Mjerumani Friedrich Lewy aliyaeleza mwaka 1912. Kwamba yamejaa alfa-sinukleini, hilo lilijulikana 1997.

Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo hutumia kuongoza mwendo, zikifa, mwendo wa mwili unavurugika. Ndiyo maana baba anahangaika na kifungo kimoja cha shati dakika nzima, na mkono ukitulia pajani, kidole gumba kinasugua cha shahada bila yeye kutaka. Inaniuma sana kumwona hivyo.

Dawa yake, levodopa, inarudisha dopamini lakini haiondoi madonge. Chakula kinaingia hapa tu: protini hugombania njia na levodopa kwenye utumbo, kwa hiyo daktari amemwambia ameze nusu saa kabla ya kula. Protini nimemrudishia. Hii ni wiki ya pili, na asubuhi kifungo kinaingia haraka kidogo.