Nimelipa dola 60 kwa eshapema (bomba la moshi) ya besi, nimepewa makelele na piki isiyopanda mlima

Wandugu wa Goma, na ninyi wa Bukavu mnaosoma hapa, nimevumilia wiki 3 nikidhani hasira itapoa. Haijapoa. Leo asubuhi nimeifungua ile eshapema kwa mikono yangu, nikaona kilichomo ndani, nikasema hapana, hii lazima niiandike.

Mimi ni motari, nabeba abiria kwa piki. Piki yangu ni TVS HLX 125 na ndiyo inalisha nyumba. Sauti ya injini naipenda tangu utoto, sioni aibu kulisema. HLX inatembea vizuri, mafuta haili, lakini sauti yake ni nyembamba kama cherehani. Nilitaka iwe nzito kidogo, ya kifua, ile ukiisikia inapita unajua injini ni nzima. Nikaweka pesa pembeni miezi 4, ikafika dola 60.

Nikaenda kwa sudere mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, upande wa Birere. Nikamwambia wazi: «Yaya, sitaki makelele. Nataka besi. Na silensie ya orijinali usiiguse, nitarudi nayo nyumbani.» Silensie ni lile kopo la eshapema linalopunguza mlio. Akanijibu: «Tuliya mdogo wangu, hii kazi ninaijua.» Hesabu yake ilikuwa dola 35 za eshapema ya kung'aa, 15 za kusudea, na 10 za pamba ya glasi ya kupunguza mlio pamoja na gasketi mpya pale bomba linapoingia kwenye injini. Nikalipa zote mbele. Akasema nirudi saa kumi.

Saa kumi nakuta silensie yangu ya orijinali imekatwa na diski. Shingo ya mbele ndiyo aliyoitumia kuunganishia ile mpya. Ya nyuma iko wapi? «Ile ilikuwa imeoza, nimepatia watoto wanaookota vyuma.» Haikuwa imeoza! Niliiosha mwenyewe kila Jumapili, ningejua kama ina tundu. Hicho ndicho kinaniuma kupita pesa yote, kwa sababu kosa lingine lolote ningelirekebisha jioni ileile kwa kurudisha ya zamani. Amenikatia njia ya kurudi.

Kuhusu lile jina la Akrapovič lililobandikwa juu, sikudanganyika. Akrapovič ni kampuni ya Slovenia, na silensie yao ya kweli haiwezi kukaa kwenye meza ya Birere kwa dola 35. Nilijua nanunua kopi. Lakini kopi nayo inaweza kutengenezwa vizuri, na niliambiwa ni inoksi, chuma kisichoshika kutu. Mvua 2 tu, maji ya kahawia yakaanza kutiririka kwenye maungio.

Sasa nisikilizeni kuhusu siku ya tatu, maana ndiyo iliyonifanya nione aibu mbele ya watu.

Nilikuwa nateremka Majengo, jioni, giza linaanza. Nikaachia gesi ili nipunguze mwendo. Eshapema ikapasua: pa! pa-pa! Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo kando ya njia akajitupa chini, mtoto akiwa mgongoni. Vijana 2 wakakimbilia nyuma ya ukuta. Watu wa mji huu hawahitaji kuelezwa ule mlio unafanana na nini. Nikasimama, nikarudi kumwomba mama msamaha, mtoto analia, mihogo imetawanyika kwenye mawe. Hakunitukana. Alinitazama tu, akaanza kuokota. Nikamsaidia kuokota, mikono inanitetemeka.

Wako vijana wanaotaka mlio huo makusudi, wanalipa fundi wapasue eshapema ili watu washtuke. Ndugu zangu, hapa Goma? Mji ambao kila familia imewahi kulala sakafuni kwa sababu ya milio ya risasi? Mimi sitaki kuhesabiwa pamoja nao.

Nilirudi kwa sudere asubuhi yake. Jibu: «Njo vile eshapema ya mwanaume inasemaka.» Si kweli. Mlio ule una sababu, na mekanisie yeyote aliyefundishwa anaijua. Ukiachia gesi, esansi (petroli) kidogo isiyoungua inatoka na moshi. Kama kuna tundu mahali, hewa ya nje inavutwa ndani ya bomba lenye moto, inakutana na ile esansi, inalipuka. Tundu liko wapi? Gasketi mpya niliyoilipia haikuwekwa, ameirudisha ileile ya zamani iliyokwisha kubanwa. Na pale aliposudea, bati ni jembamba, la milimita 1 hivi, naye amelichoma kwa baketi (fimbo ya kusudea) nene kama anatengeneza geti. Ametoboa, kisha akafunika matobo kwa mastiki na rangi ya fedha. Moto wa eshapema ukila mastiki, unabaki na matobo yako.

Halafu nguvu. Kupanda kuelekea Munigi na abiria mmoja na gunia dogo la makala, zamani gia ya tatu ilitosha. Sasa narudi ya pili, wakati mwingine ya kwanza, piki inalia kwa hasira na haisogei. Watu wanaamini ukitoboa eshapema, piki inapata nguvu. Labda kwa mtu wa mashindano anayezungusha injini mpaka juu kabisa. Injini ya 125 ya kubeba watu inafanya kazi huku chini, na urefu wa bomba na vyumba vya ndani vya silensie vilipimwa ili kila pumzi ya moshi inayotoka isaidie kuvuta inayofuata katika mwendo huo. Ukiweka bomba pana, fupi na tupu, umeondoa msaada huo. Nikafungua buji, ile plagi ya kuwasha moto: nyeupe kama chokaa, wakati buji yenye afya ina rangi ya kahawia. Maana yake hewa imezidi esansi, na injini inachemka. Aliyebadilisha eshapema kiasi hiki anapaswa kufungua kabureta aongeze jikle, kile kitundu kinachopitisha esansi, namba moja au mbili. Yeye kabureta hata hakuitazama.

Na masikio. Kipimo ambacho wataalamu wa afya kazini wa NIOSH, Marekani, wanakitumia ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 unabaki na dakika 15. Eshapema tupu, kwa karibu, inavuka hapo bila taabu, na mimi naikalia toka asubuhi mpaka usiku. Nikilala nasikia mluzi. Abiria wangu wa kila siku, mwalimu mmoja wa Himbi, ameniambia kwa upole kwamba atatafuta motari mwingine mpaka nitengeneze.

Leo sasa nimefungua. Pamba ya glasi: hakuna. Dola 10 zangu hazimo. Bomba lenye matundu ambalo pamba huzungushiwa: halimo. Ni kopo tupu, unaingiza mkono upande mmoja unatazama nje upande mwingine. Na kile kipira kinachoshikilia silensie kwenye chasi amekitupa, akakaza chuma kwa chuma, ndiyo maana kwenye mawe yetu ya volkano mshono umeshapasuka.

Kinachonichoma ni kwamba nilichokitaka kinawezekana kwa pesa ndogo. Besi haitoki kwenye tundu kubwa. Besi inatoka kwenye nafasi ndani ya kopo, na pamba iliyoshindiliwa vizuri kuzunguka bomba lenye matundu: pamba inakula sauti kali, inaacha ile nzito ipite. Kopo refu kidogo la chuma kizuri, bomba la ndani lenye upana sawa na la injini, tabaka la kwanza la chuma cha kusugulia sufuria kile cha inoksi ili moto usile pamba haraka, kisha pamba yenyewe. Mwishoni kijibomba chembamba kilichofungwa kwa bulo (bolti), ukitaka utulivu unakiacha ndani. Gasketi mpya, jikle, kipira chake. Na silensie ya orijinali ikae chini ya kitanda nyumbani kwako, mzima.

Nimemwomba anirudishie dola 10 tu za pamba na gasketi, hata zile nyingine abaki nazo. Amekataa mbele ya watu, akasema mimi ni mtoto wa fujo. Jina lake sitaliandika, sikuja hapa kumwagia mtu watu. Ila ukipeleka piki yako kwa sudere yeyote, kaa pale, usiende kula. Mwambie akuoneshe pamba kabla hajafunga kopo. Kipande chako cha zamani kikitolewa, kikae kati ya miguu yako.

Ninachohitaji sasa ni hiki. Mwenye silensie ya orijinali ya HLX 125, hata ikiwa imebonyea, mradi ndani ni nzima, aandike hapa bei. Nina dola 12 na naweza kuongeza Ijumaa. Na kama kuna anayemjua sudere mwenye mashine ya kusudea kwa waya, anayeweza kuunga bati jembamba bila kulitoboa, upande wa Katindo au Ndosho, anielekeze. Piki nimeiegesha tangu asubuhi, siwezi kupita Majengo nayo hivi.