Tupeane uzoefu: Tuliolelewa na baba injinia wa meli, mnawakumbuka kwa lipi?

BintiFundi
Ndugu zangu, juzi usiku umeme ulikatika, nami nikajikuta nimesimama gizani katikati ya sebule nikihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Nilipofika 45 ndipo nilipokumbuka kwamba hakuna jenereta itakayowaka, na kwamba aliyenifundisha kuhesabu hivyo tulimzika mwaka jana. Marehemu baba alikuwa chifu injinia, yaani mkuu wa mainjinia, wa meli za mizigo. Umeme ukizimika melini, jenereta ya dharura hutakiwa kuwaka yenyewe na kutoa umeme ndani ya sekunde 45, na kila alipokuwa likizo nyumbani alituhesabisha gizani, mimi na wadogo zangu, ili tusiogope. Tulidhani ni mchezo. Nilipokuwa mkubwa ndipo aliponieleza kwamba kwa mtu aliye chini ya usawa wa bahari, injini kubwa ikinyamaza ghafla, sekunde hizo ni ndefu kuliko zamu nzima.

Alikuwa pia na bisibisi moja ndefu ambayo hakuitumia kukaza wala kulegeza skrubu yoyote. Aliigusisha ncha yake kwenye pampu, akauweka mpini sikioni, na kwa namna hiyo akaisikia beringi iliyoanza kuchoka kabla haijaanza kupiga kelele. Mdogo wangu alipougua kifua, baba alimlaza mapajani, akaweka sikio mgongoni mwake kwa muda mrefu, kisha akamwambia mama, "Upande wa kushoto haupumui sawa." Hospitali ilikuta nimonia, upande huo huo.

Wenzangu mliolelewa na watu wa kazi hii, mnawakumbuka kwa lipi? Na vifaa vyao mlivifanya nini? Sanduku lake la spana na ovaroli yake ya mwisho bado viko nyuma ya mlango, na sina moyo wa kuvigusa.

Kitinda mimba
Bisibisi ya sikioni! Baba yangu naye alikuwa nayo, na mpini wake ulikuwa umelika upande mmoja. Pole sana, dada.

Mwana wa Zamu
Baba alituambia kwamba mainjinia wa meli huvaa mistari yenye rangi ya zambarau mabegani kwa heshima ya mainjinia wa Titanic, waliobaki chini kuendesha mitambo ya umeme hadi meli ilipozama mwaka 1912. Kila nikiiona rangi hiyo namwona yeye.

Msomaji wa Usiku
Kaka, ni kweli kwamba katika mainjinia wa Titanic hakupona hata mmoja. Hata hivyo rangi ya zambarau ilivaliwa na mainjinia wa jeshi la majini la Uingereza tangu karne ya 19, kabla meli hiyo haijajengwa. Tusimsingizie marehemu historia isiyo sahihi.

Mwana wa Zamu
Nashukuru kwa kunisahihisha kuhusu tarehe. Ila neno kumsingizia limeniuma, kwa kuwa yeye alilisimulia kwa nia njema, nami nitawasimulia wanangu kama nilivyolipokea, kisha nitawaeleza na hilo lako.

Wa Pili Kuzaliwa
Poleni nyote, lakini naomba niseme lililo moyoni bila kumkosea marehemu wa mtu. Baba yangu naye alikuwa injinia wa meli, na ada yetu haikuwahi kuchelewa hata muhula mmoja. Nilipozaliwa alikuwa baharini, nilipomaliza shule alikuwa baharini, na nilipolazwa kwa ajali ni mjomba aliyelala kwenye benchi la wodi. Neno malezi naliheshimu sana, na kwangu mlezi ni yule aliyekuwepo.

Mama Mapacha
Kaka, kuwepo unakupimaje? Mwaka 2020 baba yangu alipanda meli kwa mkataba wa miezi 6. Nchi zikafunga mipaka, wa kumpokea zamu asipatikane, naye akawa mmoja wa mabaharia wapatao 400,000 waliokuwa wamekwama melini kufikia mwisho wa mwaka ule, ingawa Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 hauruhusu mtu akae melini hadi kutimiza miezi 12 mfululizo. Baba alikaa 14. Katika mwezi wake wa kumi na moja, mama akafariki. Tulishika simu kando ya kaburi, naye alikuwa katika chumba cha kuongozea injini, na mngurumo ukawa unafunika maneno ya anayeombea. Akazima sauti ya upande wake ili asituvurugie maombi. Hadi mwisho tulimwona midomo tu ikicheza. Sasa niambie kwamba mtu huyo hakuwepo.

Wa Pili Kuzaliwa
Dada, sikusema hawakuteseka. Nimesema nilimkosa baba yangu, na maumivu yake hayakuniondolea yangu. Mama yako apumzike kwa amani.

Kitinda mimba
Hapo nyote wawili mmesema ukweli.

Mwandishi wa Ripoti
Nimesoma habari ya sekunde 45 nikakosa usingizi, kwa sababu mimi nimezihesabu nikiwa ndani ya meli. Nilikuwa na miaka 14, na kampuni aliyofanyia kazi baba iliwaruhusu maofisa kusafiri na mtoto mmoja shule zikifungwa. Baba alikuwa injinia wa pili, na zamu yake ilianza saa 10 alfajiri. Siku ya tisa ya safari, yapata saa 11, king'ora kililia, taa zikazimika, na ule mtetemo niliokwisha kuuzoea hata nikawa siusikii tena, ukakoma. Nilivaa jaketi la kuokolea kama nilivyofundishwa, nikapanda hadi mahali pa kukusanyika, ambapo ofisa mmoja alikuwa akiita majina kwa mwanga wa tochi. Wawili hawakuitika: baba, na kijana mmoja aliyekuwa mafunzoni.

Asiyezijua meli aelewe kilichokuwa kikingojwa. Moto wa chumba cha injini ukishindikana kwa vizimamoto vya mkono, milango na matundu yote ya hewa hufungwa, kisha hufunguliwa gesi ya kaboni dayoksaidi kutoka kwenye mitungi mingi, nayo huuzima moto kwa kuunyima hewa, na humuua vilevile kila aliyebaki ndani. Ndiyo sababu watu huhesabiwa kwanza. Chifu alikuwa ameshika ufunguo wa gesi, nahodha akimuuliza, naye akijibu, "Bado." Nilisimama hatua kumi kutoka kwao, na nilielewa kila neno. Baba alitokea kwenye kilango cha njia ya dharura, ile ngazi ya wima inayotoka sakafu ya chini kabisa, akimsukuma yule kijana kwa bega, kwa kuwa viganja vyake vilikuwa vimeungua. Mlango ulipofungwa nyuma yao, chifu akafungua gesi.

Ninalomkumbukia zaidi lilikuja baadaye. Hakuweza kushika kalamu, hivyo ripoti yake niliiandika mimi, yeye akisema nami nikiandika, kila tukio na dakika yake. Mafuta yalivuja kwenye kiungo cha bomba, yakaruka hadi kwenye bomba la moshi, mahali ambapo kifuniko cha kuzuia joto kilikuwa kimelegea. Kanuni hutaka sehemu yoyote inayoweza kupita nyuzi joto 220 ifunikwe. Tulipofika hapo akanyamaza, kisha akasema, "Andika kwamba nilikiona kifuniko hicho kimelegea siku mbili kabla, nikakiweka katika kazi za kufanywa bandarini." Nikamwambia, "Baba, hakuna aliyekuona ukikiona." Akajibu, "Wewe andika." Nikaandika.

Mama Mapacha
Nimelia. Yule kijana alipona?

Msomaji wa Usiku
Je, baba alibaki na kazi yake?

Mwandishi wa Ripoti
Kijana alipona kabisa. Baba alisimamishwa miezi 4, kisha mkataba wake haukuongezwa. Alirudi baharini na kampuni nyingine akiwa injinia wa tatu, cheo kimoja chini, akapanda tena polepole hadi akawa chifu. Nakala ya ripoti ile ninayo, kwa mwandiko wangu wa kitoto.

Wa Pili Kuzaliwa
Wewe ulipata siku tisa naye zamuni kwake. Nakuonea wivu, na ninasema hivyo kwa heshima.

Mzee wa Karakana
Watoto wangu, turudi kwenye swali la binti kuhusu vifaa, kwa maana limesahauliwa. Spana zipake mafuta mepesi, uzifunge kwa kitambaa kikavu. Kitabu chake cha baharia usikitupe kamwe, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha alipanda meli ipi na lini, na familia ikidai haki yoyote huanzia hapo. Ovaroli ndiyo inayonitia hofu. Meli za zamani zilifungwa asbestosi, nyuzi za madini za kuzuia joto, kwenye mabomba na boila. Ilipigwa marufuku kuwekwa upya tangu mwaka 2002, na hata vipengele vilivyoachwa wakati huo vikafutwa mwaka 2011, lakini iliyokwisha kuwekwa kabla ilibaki. Vumbi lake huganda kwenye nguo, na wapo wake za mafundi waliougua mapafu miongo kadhaa baadaye kwa sababu ya kufua tu. Usiikung'ute.

Kitinda mimba
Shikamoo mzee. Mimi ningesema asiifue wala asiifunge, aiache mlangoni, kwa sababu harufu ya dizeli ikiisha hairudi.

Mzee wa Karakana
Marahaba. Harufu naielewa, mwanangu. Mapafu ya wajukuu yatangulie.

BintiFundi
Shikamoo mzee, nimekusikia. Nimeuliza mama, naye amethibitisha kwamba meli zake za mwanzo zilikuwa kuukuu. Nimeilowesha ovaroli kwa maji pale pale ilipotundikwa bila kuikung'uta, nikaitia ndani ya mifuko miwili na kuifunga, huku nikiomba radhi kwa sauti kana kwamba ananisikia. Kaka wa Pili Kuzaliwa, baba yangu naye hakuwepo nilipozaliwa, na sijawahi kuliandika popote mpaka leo.

Jioni hii nimeitoa bisibisi. Nimemwita mwanangu wa miaka 7, nikagusisha ncha kwenye mgongo wa friji, nikamwekea mpini sikioni. Ametulia kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mama, kuna kitu kinakwaruza ndani." Nami nimesikiliza, na kweli kinakwaruza. Ni feni. Nimezima friji, na sanduku la spana liko wazi hapa miguuni pangu.