Bwana samaki anasema "kuleni tu". Kipimo kiko wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, nikiteleza mahali mnivumilie.

Mimi nakaanga samaki. Mwaka wa tisa huu, kibanda kile kile, karai lile lile, mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, upande wetu wa mkoa wa Mara. Kijito kinachoingia ziwani hapo sikitaji, huku tuko wachache na tunajuana. Jumanne ya wiki iliyopita, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, nashuka na beseni langu nakuta wanaume wamesimama kimya. Wavuvi huwa hawanyamazi. Maji ya mdomoni mwa kijito yamekuwa kama chai ya rangi iliyolala, furu wanaelea matumbo juu, wamejazana kwenye magugu. Sato bado hai, ila wako juu juu wanatweta midomo wazi, hata mtoto anawaokota kwa mkono.

Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, akauliza kitu kimoja tu: "Kamongo naye kafa?" Tukatazama. Hakuna aliyemwona kamongo amegeuka, wala kambale. Akasema basi hii ni pumzi. Kamongo na kambale wanapanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo maji yakiishiwa hewa wao wanaokoka. Ukiona na wao wameelea, chukua watoto wako uondoke. Mzee huyo hana cheti chochote, na wiki nzima hii ndiye peke yake aliyenipa jibu lenye kichwa na miguu.

Maana nilikwenda ofisini. Ofisi gani, tuyaache. Nikamkuta bwana samaki, yaani afisa uvuvi, nikamweleza. Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Mama, waliokufa msile. Walio hai kuleni tu. Mbona mnapenda taharuki?" Nikamuuliza kama wamepima. Akasema wataalamu walishapita kuchukua maji.

Maji! Mimi siuzi maji jamani. Nikauliza na samaki je, nani kamchukua samaki? Akasema majibu yatatoka ngazi za juu. Leo siku ya nane.

Kinachoniudhi ni hiki. Kila samaki wakifa kunakuwa na maswali mawili. Nani kawaua, hilo la kwanza. Aliyebaki analika, hilo la pili. Wakubwa siku zote wanahangaika na la kwanza, wakishalijibu wanafunga faili. La pili wanatuachia sisi tulionunua.

Mnakumbuka Machi 2022 pale Kirumi, Mto Mara ulipokuwa mweusi na samaki wakaelea? Waziri wa Mazingira wakati huo, Selemani Jafo, aliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, ikarudi na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Mitandaoni watu walicheka mpaka wakalia. Mimi sikucheka sana. Mavi yakizidi, vijidudu vinavyoyaozesha vinamaliza hewa ya majini, samaki wanakosa pumzi. Juu zaidi kwenye mto huo huo, kule Maasai Mara upande wa Kenya, watafiti waliandika mwaka 2018 kwamba mvua kubwa ikizoa kinyesi cha viboko kwenye madimbwi yao, samaki walio chini wanakufa kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo kinyesi kuua samaki, sawa, kinaweza. Ila hilo ni swali la kwanza, na mimi naulizia sahani.

Maana juu ya kijito chetu kuna makarasha. Mnayajua. Watu wanasaga mawe, wanachenjua dhahabu kwa zebaki, marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yanarundikwa pale pale, na mvua ikipiga usiku mmoja wa maana, nusu ya rundo inateremka. Zebaki ndiyo inayolifanya jibu la bwana samaki kuwa la hatari. Haimuui samaki siku hiyo. Inazama kwenye tope, vijidudu vinaigeuza, wadudu wa majini wanaipata, samaki mdogo anakula wadudu, sangara anamla samaki mdogo, na kadiri sangara anavyozeeka ndivyo inavyozidi kumjaa. Mtazame kwa macho: mzima, anapiga mkia kwenye beseni, mashavu mekundu, macho yanang'aa. Ndiye huyo huyo "aliye hai, kuleni tu". Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ulipogunduliwa mwaka 1956, watu hawakuwa wamekula mizoga. Walikula samaki wao wa kila siku. Nchi yetu imeridhia mkataba wa zebaki wenye jina la mji huo tangu 2020, kwa hiyo mtu wa ofisini asijifanye hajawahi kulisikia.

Na mkija hapa, tafadhali msiniletee ushauri wa jikoni. Chemsha sana, kaanga akauke, kamulia ndimu, toa utumbo. Moto unaua vidudu, nakubali, na hilo nalifanya kila siku. Zebaki haijui moto, na imo kwenye mnofu wenyewe. Na wale wa "mbona sianidi inaua na hamuisemi": sianidi, nayo ya kuchenjulia dhahabu, inaua haraka na jua linaimaliza, hairundikani mwilini mwa samaki kama zebaki. Hiyo ndiyo sababu ya kutookota mzoga.

Sisemi samaki wetu wana sumu. Tafiti za miaka ya nyuma zilikuta zebaki kwa samaki wengi wa Ziwa Victoria iko chini kabisa ya kiwango cha miligramu 0.5 kwa kilo, na niliposikia hivyo nilifurahi kama mtu aliyesamehewa deni. Ila ni ziwa lote, na ni miaka hiyo. Hawakupima mdomo wa kijito chetu Jumanne iliyopita. Nyumbani nina mdogo wangu ana mimba ya miezi mitano, na hii kitu inamuumiza zaidi aliye tumboni. Nimwambie nini? Ale dagaa aache sangara? Hata hilo dogo hakuna ofisi iliyolisema, nimelitafuta mwenyewe kwenye simu usiku.

Kinachouma zaidi, kupima wanajua. Mwaka 1999 wazungu wa Ulaya walifunga soko lao kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu ya mashambani. Viwanda vikasimama, watu wakarudishwa makwao, na hapo serikali zote tatu za ziwa hili, Tanzania, Kenya na Uganda, zikaamka. Leo maabara ya samaki ipo Nyegezi, Mwanza, na minofu haipandi ndege bila karatasi. Mzungu anakula mnofu wenye cheti, sisi tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa, na "kuleni tu".

Jana mwalimu mmoja, mteja wangu wa miaka, alishika kiti akakiacha. "Dada, huyu sato wa wapi?" Nikamwambia wa Ukerewe. Nilidanganya. Alikuwa wa hapa hapa, ila kavuliwa mbali, kina kirefu, na ningeweza kusema hivyo nisione aibu. Sikusema kwa sababu sina karatasi ya kumwonyesha. Akanunua chapati akaondoka. Nimerudi nyumbani na samaki kumi na saba kati ya ishirini, tumekula wenyewe siku mbili.

Ninachodai ni karatasi moja ibandikwe kwenye ukuta wa mwalo: samaki gani kapimwa, katolewa wapi, siku gani, kakutwa na nini na kiasi gani. Kama ni mbaya nifunge kibanda niuze maandazi. Kama ni nzuri naibandika juu ya karai.

Kuna sato wanne na sangara mmoja kwenye friza la jirani, nimewafunga kila mmoja mfuko wake na tarehe nimeandika. Mwenye kujua maabara inayopokea mtu binafsi, na bei yake, aiweke hapa hapa. Na wewe unayekuja kunijibu "kula tu dada, tumekula tangu zamani", weka na picha ya sahani yako.