Nalipia RAM ya GB 8, usiku wanaitupa kwenye diski

Wadau, nimevumilia miezi minne, leo nasema. Kila asubuhi kabla ya saa mbili, simu ya kwanza kunifikia ni ya mama mwenye duka la jumla Gikomba. "Kijana wangu, hii mashine yako imelala tena." Mteja amesimama na katoni za sabuni, risiti haitoki, foleni imefika mlangoni. Wiki jana nilikuwa pale mwenyewe. Alibonyeza "Uza", tukahesabu sekunde 38. Akabonyeza mauzo ya pili, risiti ikatoka papo hapo.

Mfumo wake wa mauzo uko kwenye mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya seva kubwa) niliyokodi kwa kampuni ya hapa hapa Nairobi. Jibu lao ni lile lile: "Seva yako iko sawa, labda uongeze RAM." Nikiangalia ndani, GB 5 ziko wazi, na vmstat, amri ya Linux ya kuangalia kumbukumbu, inaonyesha sifuri kwa "si" na "so", yaani hakuna kinachorudi wala kwenda kwenye swapu (sehemu ya diski inayotumika RAM ikibana). Niongeze ya nini?

Basi nikaandika programu ndogo. Inashika GB 1, inaandika kwenye kila ukurasa (kipande cha kumbukumbu) wa KB 4, inalala masaa saba, kisha inasoma ukurasa mmoja mmoja huku ikipima muda. Nilipoijaribu mchana bila kuilaza, kila ukurasa ulikuja chini ya mikrosekunde moja. Alfajiri, maelfu ya kurasa zilichukua milisekunde 6, 9, hata 12. Hiyo si RAM jamani, hiyo ni diski inayozunguka!

KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, iliingia kwenye Linux 2.6.20 mwaka 2007. Kumbukumbu ya mashine pepe ya KVM ni kumbukumbu ya kawaida ya mchakato wa QEMU (programu inayoibeba mashine pepe), na tangu 2008 kerneli (kiini cha Linux) ya mwenyeji, yaani seva yao, inaweza kuzipeleka kurasa za mgeni, yaani mashine pepe, kwenye swapu yake bila mgeni kujua. Ndiyo maana vmstat yangu haioni kitu. Ukiwa na swapu ndani pia, ni balaa juu ya balaa: mgeni akiamua kuutoa ukurasa ambao mwenyeji ameshautoa, lazima usomwe kutoka diski ili uandikwe tena kwenye diski. Ya kwangu nimeizima.

Sasa, kampuni hii hufanya bakapu saa nane usiku, wameandika wenyewe. Mafaili makubwa yanajaza kashe (nakala za mafaili kwenye RAM), swappiness, yaani kiasi kerneli inavyopendelea kutumia swapu, imeachwa 60, na kurasa zangu ambazo hazijaguswa tangu duka lifungwe ndizo zinazotolewa. Kerneli siilaumu, haijui kuna duka linafunguliwa saa moja. Waliopanga wageni wengi hivyo kwenye seva moja wanajua.

Niliwatumia vipimo vyote. Nikaomba kwenye kikundi cha mashine yangu waweke memory.swap.max (kikomo cha swapu) iwe 0, au wanipe kurasa kubwa za hugetlbfs, ambazo haziendi kwenye swapu kabisa. Siku tano baadaye: "Tunapendekeza kifurushi cha GB 16." Yaani nilipe mara mbili kwa RAM itakayotupwa usiku vile vile!

Nataka pesa yangu ya miezi minne irudi. Na nyinyi wenye mashine pepe hapa mjini, fanyeni jaribio hili usiku wa leo, muweke namba zenu hapa chini. Programu nitaipandisha jioni hii.