Tepu ya LTO-6 haisomeki: tar inasema "Cannot allocate memory"

mlinzi_wa_seva:
Wakuu, naombeni msaada. Natakiwa kurudisha folda ya uhasibu kutoka tepu ya LTO-6 (tepu ya sumaku ya kuhifadhia bakapu, yaani nakala za akiba; 6 ni kizazi chake) iliyoandikwa na seva ya zamani. Seva mpya ni Debian, draivu ni LTO-7. mt status (amri ya kuangalia hali ya draivu ya tepu) inaonyesha ONLINE na BOT, yaani iko tayari na tepu iko mwanzo, lakini nikitumia tar, programu iliyofungasha bakapu hizo, nikapiga

`tar -xvf /dev/st0 /data/uhasibu`

najibiwa

`tar: /dev/st0: Cannot read: Cannot allocate memory`

RAM ni GB 64, karibu yote iko wazi. Lebo inasema bakapu zimo tatu, ninayoitaka ni ya mwisho. Je, tepu imekufa?

fundi_kebo:
Ingiza tepu ya kusafishia kwanza, huenda kichwa cha draivu kinachosoma tepu kina vumbi.

nst0:
Hapana, usisafishe bila draivu yenyewe kuomba. Tepu ya kusafishia inakwangua kichwa na ina idadi maalumu ya matumizi. Kichwa kichafu hutoa "Input/output error", si ujumbe huu.

RAM haihusiki. Bloku zilizo kwenye tepu, yaani vipande ambavyo data iliandikwa, ni kubwa kuliko nafasi ambayo tar imeziandalia. Usipoielekeza, tar husoma 20 × 512, yaani baiti 10,240, na wanaoandika LTO mara nyingi huweka bloku kubwa zaidi ya hapo ili tepu iende bila kusimama-simama. Pima:

`mt -f /dev/nst0 rewind`
`mt -f /dev/nst0 setblk 0`
`dd if=/dev/nst0 of=/tmp/bloku bs=1M count=1`
`ls -l /tmp/bloku`

Ukubwa wa faili hilo ndio ukubwa wa bloku. Ugawe kwa 512, utakachopata ndicho cha kuweka kwenye -b, chaguo la tar la ukubwa wa bloku. Kabla ya yote, toa tepu usogeze swichi yake ya kuzuia kuandika. Mt status ionyeshe WR_PROT. Kosa moja la kuandika hapo, data ya mbele huipati tena.

mlinzi_wa_seva:
Imetoka 262144. Kwa hiyo -b 512?

nst0:
Ndiyo. Ila amri yako ina matatizo mengine mawili, na yote yatakula muda wako.

/dev/st0 hurudisha tepu mwanzo kila inapofungwa, kwa hiyo ungesoma bakapu ya kwanza daima. Tumia /dev/nst0, ni draivu ile ile ila hairudishi tepu. Hesabu inaanzia sifuri, ya tatu ni namba 2, na asf ndiyo inayokupeleka hapo:

`mt -f /dev/nst0 asf 2`
`mt -f /dev/nst0 status`

Hakikisha inasema File number=2, block number=0.

La pili ni jina. tar huondoa mkwaju wa mwanzo inapohifadhi, hivyo "/data/uhasibu" haitapatikana, na utaambiwa "Not found in archive" baada ya bakapu nzima kusomwa. LTO-6 husoma kama MB 160 kwa sekunde; TB 2.5 ni zaidi ya saa nne. Tazama majina kwanza:

`tar -b 512 -tf /dev/nst0 | head -5`

kisha rudia asf 2, kwa sababu tepu imeshasogea, halafu:

`tar -b 512 -xpvf /dev/nst0 -C /srv/rudisha data/uhasibu`

Kama majina yanaanza na ./data, andika hivyo hivyo. Usirudishe juu ya folda inayotumika.

bi_hifadhi:
Naongezea: tengeneza watumiaji wa seva ya zamani kabla ya kurudisha. tar isipoliona jina la mwenye faili, hutumia namba yake ya utambulisho (UID), na kwenye seva mpya namba hiyo inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Mafaili ya mishahara yakiangukia kwake ni balaa.

Ikitokea "Input/output error", soma dmesg (ujumbe wa mfumo). "Medium Error" ni tepu au kichwa. Hapo piga `tapeinfo -f /dev/sg1` (namba ya sg ipate kwa lsscsi -g), na ukiona TapeAlert[20], yaani draivu inaomba kusafishwa, ndipo usafishe. "Data Protect" wakati wa kusoma inaashiria tepu ilisimbwa, utahitaji ufunguo. Na msije mkaipeleka kwenye draivu ya LTO-8: hiyo husoma LTO-7 na LTO-8 tu.

mlinzi_wa_seva:
Majina yalianza na ./data. Folda imerudi yote, ahsanteni sana. Kwenye lebo niongeze nini?

bi_hifadhi:
Ukubwa wa bloku, amri ya tar iliyotumika na namba ya kila bakapu kuanzia 0.