Gari la kaka Uholanzi mpaka Paris: nibebe orijino au kopi?

MzeeWaUyole
Habari za jioni wadau. Mwezi wa sita Mungu akipenda naenda kumtembelea bro yuko Uholanzi, viza ya Schengen nshapata, yeye likizo hana kwa hiyo kasema atanipa gari niende na mama watoto mpaka Paris kupitia Ubelgiji. Sasa mimi hapa Mbeya natembea na kopi ya kadi tu, orijino iko kabatini chini ya mashuka, maana kadi ya gari ndo gari lenyewe, ikidondoka kwa mtu mbaya kesho kashaiweka dhamana. Je huko kopi inakubalika? Na pasipoti nitembee nayo mfukoni au naiacha kwa bro napiga picha kwenye simu? Leseni ni hii hii yetu ya kadi.

Mnyalu_wa_Kihesa
Kamwene mkuu. Kopi sahau kabisa. Uholanzi kadi ya gari tangu 2014 ni ya plastiki, ndogo kama ya benki, na mtu akiiokota hauzi gari kwa kadi peke yake, kuna namba ya siri ya tarakimu 9 ambayo bro wako kaificha kwake. Hilo ndo kabati lao. Kwa hiyo kadi inakaa na dereva, ila ukipaki ishuke na wewe usiiache kwenye dashibodi.
Pasipoti nayo usiiache, Uholanzi kuanzia miaka 14 polisi akikuuliza kitambulisho unatakiwa uwe nacho hapo ulipo. Kitambulisho cha NIDA kiache Uyole, kule ni kama kadi ya kliniki tu.

DadaMafinga
Leseni kaka yangu, leseni! Mi ndo iliniumbua. Ya kwetu ni Kiswahili na Kiingereza, Ufaransa kwa mgeni wanataka iwe na Kifaransa, au tafsiri rasmi, au kile kitabu cha leseni ya kimataifa. Nilienda bila, gari la kukodi nshalipia mtandaoni, kufika kaunta yule dada akaigeuza leseni yangu mbele nyuma mbele nyuma halafu akauliza kitabu kiko wapi. Nikafungua simu namuonesha picha ya pasipoti, picha ya leseni, picha ya kila kitu, wala hakuangalia, kanyoosha tu mkono anasubiri karatasi. Hela haikurudi, nikapanda treni na mabegi matatu.
Kitabu unakipata nchi iliyokupa leseni, kwetu ni AA, kile chama cha magari, kinadumu mwaka 1 na bila leseni orijino hakina kazi. Wale wa mtandaoni wanaotangaza cha miaka 10 achana nao, hela inaliwa hivi hivi unaona.

Suka_wa_Tunduma
Bima mmesahau nyie. Sisi wa malori tukivuka kwenda Zambia tunabeba kadi ya njano ya COMESA, Ulaya wana kadi ya kijani, kazi yake ile ile. Gari la namba za Uholanzi likiwa ndani ya Umoja wa Ulaya halilazimiki kuwa nayo ila mwambie bro aiprinti tu, tangu 2020 hata karatasi nyeupe inafaa, maana mkigongana na Mfaransa hamuelewani lugha utamuelezea nini, unampa ile karatasi anakopi namba ya bima basi. Na bro aulize kampuni yake kama dereva mwenye leseni ya Tanzania anaruhusiwa, HILI MSILIPUUZE. Aandike na kabarua kwamba gari kakuazima, namba ya gari na sahihi.
Pembetatu iwemo, na Ufaransa reflekta ya kuvaa inakaa pale mkono unapofika sio kwenye buti, ukikosa ni yuro 135 na hakuna cha afande tusamehe.

MzeeWaUyole
Duh nashukuru. Ila si nasikia ukishaingia Schengen mipaka hamna, sasa pasipoti anaidai nani njiani?

Mnyalu_wa_Kihesa
Geti kama la Tunduma hamna ni kweli, unaona kibao tu ushaingia Ubelgiji. Ila Ufaransa tangu 2015 walirudisha ukaguzi mipakani, unaweza ukapita mara kumi hujaona mtu, ya kumi na moja wamejipanga kwenye geti la kulipia barabara. Shemeji naye abebe yake mwenyewe, msiziweke zote kwenye pochi moja, ikienda imeenda na safari. Picha kwenye simu iwepo, hiyo ni ya kukusaidia ubalozini ikipotea, sio ya kumuonesha polisi.

DadaMafinga
Na kule mnaendesha kulia, usije ukatoka sheli ukashika upande wa Mwanjelwa 😂

MzeeWaUyole
Ndaga fijo wote. Jumatatu naulizia hicho kitabu. Reflekta ninayo ya bodaboda ya mdogo wangu, ina tangazo kubwa la vocha mgongoni, niibebe?

Suka_wa_Tunduma
Mwachie dogo apate abiria. Muulize bro za garini ziko ngapi, mpo wawili.