Mzimu hausakwi! Nimelipa 105,000 kushuhudia makaburi ya Tongoni yakidhalilishwa

Wanajamvi, salaam. Jambo hili nimekaa nalo siku nne nikidhani hasira zitapoa. Zimezidi.

Alhamisi iliyopita nililipa shilingi 35,000 kwa kila kichwa, mimi, shemeji yangu na binti yangu wa kidato cha pili, kwenda magofu ya Tongoni, mji wa kale nje ya Tanga mjini, kwenye kitu kilichotangazwa kwa jina la "Usiku wa Kusaka Mizimu". Tangazo lilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Tanga wiki mbili nzima. Liliahidi msimulizi wa historia, vifaa vya kitaalamu vya kupima uwepo wa roho, na chakula. Likasema huko Uingereza na Marekani watu hulipa kukesha na tochi kwenye makumbusho ya ndege za kale, wakisubiri dalili za marubani waliokufa, na kwamba sasa mambo hayo yamefika Tanga. Binti yangu anapenda historia kuliko masomo yote, yeye ndiye aliyeniomba. Jina la waandaaji siliandiki. Walioko Tanga wanawajua.

Naanza na neno lenyewe, kwa sababu uharibifu ulianzia hapo. Kusaka! Mtu husaka swala, husaka mwizi. Mzimu hausakwi, mzimu huendewa. Bibi mzaa mama yangu alizaliwa Tongoni, na tangu mdogo nimesikia nyumbani "fulani kaenda mzimuni", maana yake kaenda na haja yake, kavua viatu, kasema kwa sauti ya chini, karudi. Kinachomtokea mtu njiani usiku kikamshtua ni kizuka, hiyo habari nyingine kabisa. Kinachompanda mtu kichwani ni pepo. Watu wa pwani hatuvichanganyi hivi, na anayepokea pesa yetu ili atuoneshe kitu lazima kwanza ajue anachokitaja. Mimi binafsi si mtu wa kupeleka ubani makaburini, na mashehe wetu wengi wanalikataza jambo hilo waziwazi. Lakini anayelikataza na anayelifanya wote wawili wakifika penye kaburi wanatoa salamu kwa waliolala pale. Hakuna anayefika akapiga kelele.

Halafu walichagua Alhamisi. Kwa hesabu yetu ule ni usiku wa Ijumaa, usiku ambao nyumba nyingi za huku zinasoma Yasini na kuwaombea maiti wao. Nilipolisema hilo kabla ya kulipa nikajibiwa kwamba siku imechaguliwa kwa sababu kosta ilipatikana kwa bei nzuri. Hapo ningerudi. Nilimwangalia mtoto alivyofurahi, nikalipa.

Tuliambiwa tunaondoka mjini saa moja, tukaondoka saa mbili na nusu. Njia ya Pangani mnaijua. Tulipofika nilitegemea tungekaribishwa na mtu wa kijijini, hata mzee mmoja wa kutuambia tupite wapi na tusikanyage wapi. Hakuwepo mtu. Waandaaji walishusha jenereta, spika mbili kubwa na taa za rangi, wakavitandaza katikati ya makaburi kama ukumbi wa harusi. Tulikuwa watu thelathini hivi.

Kuhusu huyo msimulizi wa historia sijui nianzie wapi. Alishika kipaza sauti akasema tumesimama juu ya askari wa Kiingereza waliouawa na nyuki mwaka 1914. Binti yangu akanigeukia akaninong'oneza, "Baba, si walishukia Ras Kasone?" Mtoto wa kidato cha pili! Vita ya Tanga ilipiganwa mjini, tarehe 2 mpaka 5 Novemba 1914. Askari wa Mwingereza kama 8,000, wengi wao kutoka India, walishukia Ras Kasone wakashindwa na jeshi la Mjerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, lililokuwa na watu kama 1,000. Nyuki walikuwepo kweli, na waliuma pande zote mbili. Makaburi ya vita ile yapo mjini, mtu yeyote anaweza kwenda kuyaona mchana. Tongoni yanaihusu nini?

Tongoni ni tongo, yaani mahame, mji uliohamwa. Jina lenyewe linasema. Ni mji wa karne ya 14 na 15, wa mawe ya matumbawe na chokaa, una msikiti wake na makaburi zaidi ya 40. Mengine ni ya nguzo, yaani yamejengewa nguzo ya mawe juu yake, na nguzo nyingi zilishaanguka zamani. Kwenye makaburi mengine utaona vishimo vya mviringo, humo ndimo zilimokuwa bakuli za kauri kutoka China, zimeng'olewa zikaisha. Wenye mji ule walifanya biashara na watu wa mbali kabla Mreno hajaijua bahari hii. Mwaka 1499 Vasco da Gama alipokuwa anarudi kutoka India aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwenye maji ya upande huo huo, kwa sababu mabaharia waliokuwa hai hawakutosha kuendesha meli zote tatu. Mtu ana hadithi kama hizi mkononi, za kweli, halafu anatuletea nyuki wa Ras Kasone!

Sasa hivyo vifaa vya kitaalamu. Kimoja kilikuwa kidude cha mkononi chenye taa tano zinazowaka kutoka kijani mpaka nyekundu. Ni kipimo cha sumaku-umeme. Mafundi umeme wanacho, na kinaitikia waya, simu, chochote chenye umeme. Watu thelathini wana simu mfukoni, jenereta inaunguruma hatua kumi, waya zimetambaa chini kila upande, taa zitaachaje kuwaka? Binti yangu alimwomba dada aliyesimama naye azime simu yake, taa zikashuka. Akaiwasha, zikapanda. Alipomweleza yule jamaa wa kipaza sauti mbele ya watu, akaambiwa asiwaudhi wafu. Kifaa kingine ni redio inayoruka kutoka stesheni moja hadi nyingine bila kutulia, ikidaka neno hapa na neno pale. Pwani ya Tanga usiku unapata stesheni za Pemba, Unguja mpaka Mombasa. Ikatoka sauti ya mtangazaji, "...njooni...", watu wakapiga mayowe. Na zile picha zenye viduara vyeupe mlizosambaziwa kwenye magrupu kama "roho za Tongoni" ni vumbi na wadudu waliopita karibu na lenzi wakamulikwa na mwanga wa kamera. Piga picha yoyote usiku penye vumbi utaviona.

Haya yote ningeyameza. Ningesema nimeibiwa pesa, basi.

Kilichonifanya niandike ni bibi mmoja wa kijijini. Alikuwa amekuja na mjukuu wake wa kiume wa miaka kama tisa, wana chetezo, ubani na chupa ya marashi. Alikuwa pembeni kwenye kaburi moja, amejifunika kanga, hana habari na mtu. Nadhani alikuwepo kabla yetu. Jamaa mmoja wa waandaaji akammulika tochi ya usoni akaita kwenye spika, "Jamani, tumempata mmoja!" Watu wakakimbilia huko na simu juu, wanarekodi, wanacheka, wengine wakidhani ni mwigizaji aliyepangwa. Mjukuu akaanza kulia. Bibi akasimama polepole, akaziba macho kwa mkono kwa ajili ya mwanga, akauliza, "Wanangu, mmekuja kwa nani?"

Hakuna aliyemjibu. Ni swali ambalo mgeni yeyote huulizwa mlangoni, nasi watu thelathini hatukuwa na jibu. Nilimwendea nikampa shikamoo, nikamwomba radhi, shemeji akawasindikiza mpaka kwao na tochi. Njiani bibi alimwambia shemeji kwamba alikuja kuondoa nadhiri ya binti yake aliyejifungua salama. Chetezo chake kilipigwa teke kwenye ile vurugu, kikavunjika.

Na video yake bado inatembea. Jana imenifikia mara mbili.

Hatujamaliza. Baadaye wakamtoa kijana aliyevaa kanzu nyeupe, kapakwa unga usoni, akaruka kutoka nyuma ya ukuta wa msikiti. Ukuta wa msikiti! Watu wakatawanyika gizani juu ya mawe, mama mmoja akateguka kifundo, hakukuwa na hata bandeji. Katika kukimbia huko kijana mmoja akapanda juu ya kaburi na kuegemea nguzo, kipande cha lipu ya chokaa kikabanduka, cha ukubwa wa kiganja. Nilidhani hapo watasimamisha shughuli. Yule wa kipaza sauti akakiokota, akakipuliza vumbi, akamkabidhi kijana: "Chukua, kumbukumbu yako." Watu wakapiga makofi.

Chokaa ile ilichomwa kwa matumbawe na mikono ya watu miaka zaidi ya mia tano iliyopita. Imepitiwa na masika yote hayo. Nchi hii ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, magofu haya yanalindwa, hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuyagawa zawadi.

Nilipofika nyumbani nikasoma kuhusu hayo makumbusho ya ndege waliyotutajia. Kisa kimoja kinachojulikana sana ni cha Montrose, Uskoti, kwenye kiwanja cha ndege za kijeshi kilichofunguliwa 1913. Luteni Desmond Arthur, mtu wa Ireland, aliruka tarehe 27 Mei mwaka huo, bawa likavunjika angani, akaanguka akafa. Wachunguzi wakakuta bawa lile lilikuwa limevunjika kabla, likaungwa vibaya na kufichwa. Mwaka 1916 taarifa nyingine ikamtupia lawama marehemu, na inasimuliwa kwamba ndipo maofisa walipoanza kumwona mtu wa mavazi ya urubani akitembea pale kiwanjani. Uamini usiamini, tazama kisa hicho kimebeba nini. Kina jina la mtu, kina tarehe, kina fundi aliyeficha kosa, kina heshima ya marehemu iliyochafuliwa. Tena ndege ni mtambo, huwekwa bandani. Hata ukikesha ubavuni mwake hujamkanyaga mtu kifuani. Sisi tulipelekwa kusimama juu ya watu waliozikwa, tukawaamrisha kwenye spika, "Kama upo, gonga mara mbili!" Maiti wa Kiislamu, usiku wa Ijumaa.

Niliwaandikia waandaaji kesho yake asubuhi, kwa adabu. Jibu: "Kaka, sisi tunauza burudani, historia nenda shule." Kisha nikatolewa kwenye grupu. Chakula, kwa wanaouliza, kilikuwa chapati moja na soda ya moto.

Pesa yangu naidai na nitaidai, ila haimo katika haya ninayoyataka hapa. Nataka video ya bibi ifutwe, na wewe uliye nayo kwenye simu uifute leo, usinitumie mimi. Nataka waandaaji waende kijijini mchana, wakae na wazee, waombe radhi, wamnunulie bibi chetezo. Na wasirudi tena pale usiku na jenereta. Tangazo jipya nimeliona: mwezi ujao wanataka kwenda mapango ya Amboni, ambako watu huenda na haja zao vilevile. Wenyeji wa Kiomoni, mnaoishi jirani na mapango hayo, mmeambiwa?

NYONGEZA: Kuna waliojibu kwamba nakuza mambo, wafu hawasikii. Ndugu zangu, yule bibi anasikia. Mjukuu wake anasikia. Aliyeuliza kama nina ushahidi wa lipu kubanduka, ninayo picha ya nguzo, sehemu iliyobanduka inaonekana nyeupe kuliko pengine, nimeipeleka kwa wahusika wa mambo ya kale.

Na wewe kijana wa fulana nyekundu uliyekaa kiti cha nyuma ya dereva, najua unasoma hapa, ulisema mwenyewe kwenye kosta. Sina ugomvi na wewe, ulipewa. Kile kipande usikioshe wala usikipige rangi. Kifunge kwenye kitambaa kikavu. Jumamosi asubuhi naenda Tongoni na binti yangu, tutapita stendi saa mbili, tutakusubiri.